Nyumba Iliyokataa Kuyeyuka

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujanyanyuka juu ya bwawa la Karrawil. Verna Tuckwell amevua viatu, amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo juu ya turubai ukingoni mwa maji. Anatanguliza kisigino, anazunguka, anarudi. Kila anapohisi kijiwe chini ya unyayo, anainama, anakichomoa na kukitupa nyuma bila kutazama kinakoangukia.

"Baridi yake inapanda mpaka kwenye meno," anasema. "Lakini mashine ya kukandia haina unyayo. Mashine haiwezi kujua hapa pana kijiwe."

Udongo huo ni wa bwawani. Umechimbwa pale ambapo maji yamerudi nyuma kwa ukame, karibu na mahali ilipopita barabara kuu ya Karrawil ya Kale. Mji huo uko chini ya maji tangu Verna alipokuwa na miaka sita. Bwawa la umeme lilijengwa, watu wakahamishiwa mlimani, na jina la mji wakalibeba pamoja na vitanda.

Leo Verna ana miaka sabini na mitatu. Kazi yake ni kufundisha watu kufinyanga kwenye maonyesho ya kilimo, sikukuu za shule na nyumba za wazee. Anazunguka wilaya nzima na gari dogo jeupe lenye harufu ya matope. Halmashauri humlipa dola mia tatu kwa siku, na mafuta ni juu yake.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nimeolewa na ndoo," anasema, akicheka peke yake.

Hata hivyo, kinachomfanya ajulikane ni mji wa udongo wa Maonyesho ya Aprili.

Katika banda la mifugo, lililofagiwa na kumwagiwa maji, Verna hutandika turubai kubwa lenye ramani ya mji wa kale. Mitaa imechorwa kwa rangi nyeupe, na kila kiwanja kina jina la familia. Yeyote anayekuja, awe mzaliwa au mgeni aliyefika juzi, hupewa bonge la udongo na kuonyeshwa kiwanja. Anafinyanga nyumba yenye ukubwa wa kiatu na kuiweka mahali pake.

Nyumba hukaa bandani wiki nzima zikikauka. Jumamosi inayofuata, jua likikaribia kuzama, watu huzibeba hadi ufukweni, huzipanga kwa mitaa ileile, na kuwasha mshumaa ndani ya kila moja. Kisha husubiri.

Huo ndio wakati watu wa miji mikubwa, mbali huko pwani, wanawasha taa na majiko yao. Mitambo ya mlimani hufunguliwa, maji huteremka, na bwawa huanza kupanda. Hakuna anayezitia nyumba majini. Maji huja yenyewe kuzichukua.

Verna ana sheria mbili, na huzitangaza kwa sauti ya mwalimu mkuu: hakuna kuoka, na hakuna kwenda na nyumba nyumbani. Watoto hulia. Wakati mwingine hata watu wazima huomba.

"Nawaambia kilichozama kimezama," anasema. "Tukianza kuhifadhi, hatutajua wapi pa kuacha."

Mwaka huu banda lilijaa mapema. Walikuwepo wazee wa mlimani na blanketi zao magotini. Walikuwepo vijana wa mashamba ya tufaha. Akina mama wa visiwa vya Tonga wanaopanga tufaha kwenye makasha walifika moja kwa moja kutoka zamu, wakiimba, na sinia la viazi vikuu wamelifunika kwa taulo.

Mmoja wao ni Lupe Fonokalafi, mama wa watoto wanne walioko kwao Tonga, kisiwani Vava'u, aliyefika Karrawil msimu huu tu. Alikaa kando ya Merv Dargan, mzee wa miaka themanini na mbili aliyezaliwa mji wa kale, ambaye hufinyanga nyumba ya wazazi wake kila mwaka na hajawahi kuunyoosha ukuta wake.

"Hiyo unayotengeneza ni nyumba au chungu cha kupikia?" Merv alimtania.

"Babu, ya kwako imepinda kuliko mgongo wako," Lupe alijibu bila kuinua macho. "Upepo ukija, utaikamata na mkono gani?"

Banda zima likacheka, na Merv kuliko wote.

Katika ramani ya Verna kuna kiwanja kimoja ambacho hakijawahi kuwekwa nyumba. Kiko mwisho wa Mtaa wa Matofali, karibu na mto. Kimeandikwa Tuckwell, jina ambalo Verna hakulibadilisha hata alipoolewa. Kila mwaka juu yake huwekwa ndoo ya maji ya kulainishia udongo, na watu wamezoea kuiona hapo. Wazee wanajua sababu. Hakuna anayeisema.

Familia hiyo ilipohama, kaka yake Verna, Des, mwenye miaka tisa, alirudi chini kumtafuta paka. Maji yalikuwa yameshaingia mtaani, yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mlango wa mbele ulikuwa umepigiliwa mbao na watu wa mradi. Wanaume walimtafuta kwa taa na kamba mpaka maji yalipowafika kifuani. Hakupatikana yeye wala paka.

"Mama yangu alisema jambo moja tu mpaka anakufa," Verna anasimulia. "Alisema, 'Aliingia kwa mlango wa ubavuni. Des hajui kupita mbele.' Ulikuwa mlango mdogo wa jikoni, upande wa mto. Baba aliutoboa mwenyewe. Hauonekani kwenye picha yoyote, maana picha zote zimepigwa kutoka barabarani."

Jumamosi ile ya kufinyanga, Verna aliinua ndoo kwenda kumsaidia mtoto ambaye paa lake lilikuwa limepasuka. Hakukaa sana. Aliporudi, alimkuta Lupe amepiga magoti mwisho wa Mtaa wa Matofali, na kwenye kiwanja cha Tuckwell pamesimama nyumba.

Ilikuwa na bomba la moshi upande wa kushoto. Mbele haikuwa na mlango kabisa, ni ukuta mtupu. Mlango ulikuwa ubavuni, upande wa mto, umekatwa kwa uzi na kuachwa wazi kidogo, upana wa kidole.

"Merv aliacha kutafuna," anakumbuka mwanamke aliyekuwa akigawa chai. "Mimi sikujua chochote, lakini niliona vinyweleo vya shingo yake vikisimama."

Verna alimuuliza Lupe kwa upole nani amemwambia aweke mlango pale.

"Hakuna aliyeniambia, Mama Verna," Lupe alijibu. "Kwetu jiko liko pembeni, na watoto huingilia jikoni. Mtoto gani anapita mbele?"

Kisha, alipoona nyuso za wazee, akauliza taratibu, "Nimekosea kiwanja?"

"Hujakosea," Verna alimwambia. "Iache hapo."

Wiki ile, kama kawaida, Verna alikwenda bandani kila jioni kufungua madirisha ili nyumba zipate upepo. Wanaopita barabarani waliona taa yake ikikawia kuliko miaka mingine. Wengine walidhani mguu wake unamsumbua.

Jumamosi ya pili, mji ukapangwa ufukweni. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima, na anga la magharibi lilikuwa na rangi ya chai nyepesi. Mishumaa ikawashwa mtaa kwa mtaa. Kutoka juu ya ukingo mji ulionekana mzima, mdogo, umekaa mahali pake, kana kwamba mtu anautazama kutoka mbali sana.

Nyumba ya mlango wa ubavuni ilibebwa na Verna mwenyewe. Aliiweka, akawasha mshumaa, akarudi nyuma.

Halafu maji yakaja.

Sauti ile, mtu akishaisikia, haimtoki tena. Udongo uliokauka kabisa ukiguswa na maji huyanyonya, na hewa iliyojificha ndani yake hutoka kwa vipovu vidogo. Nyumba moja hutoa sauti kama ya mtu anayenong'ona. Mtaa mzima ukianza, ni kama umati ulioko chumba cha pili, mlango umefungwa, wote wakizungumza kwa pamoja na hakuna neno linaloshikika. Kuta hulegea, paa hukaa chini, mwanga huzimika.

"Wanaulizana nani amekuja," Merv alisema, kama anavyosema kila mwaka.

Safari hii hakuna aliyecheka. Akina mama wa Tonga, waliokuwa wamepanga kuimba, walishikana mikono wakanyamaza.

Maji yalipita Barabara Kuu, yakapita kanisa na shule, yakaufikia Mtaa wa Matofali. Nyumba zote za mtaa huo zikanong'ona na kulala. Ya mwisho haikutoa sauti. Maji yaliizunguka, yakapanda ukutani, nayo ikabaki imesimama, mwanga ukitoka kwenye ule upenyo wa ubavuni na kuchora mstari mwembamba juu ya maji. Ndiyo taa iliyozimika mwisho. Hata ilipozimika, bomba la moshi liliendelea kuonekana, jeusi, mpaka maji yakalifunika.

Mtoto mmoja akauliza, "Mbona ile haikuvunjika?"

Mama yake akamfunga koti na kumwondoa.

Usiku mitambo hurudisha maji mlimani, na asubuhi ufukwe hubaki wazi. Jumapili hiyo Verna alishuka mapema kuokota vipande vya mishumaa, kazi anayoifanya baada ya kila maonyesho. Alimkuta Merv ameshafika, amesimama na fimbo yake. Lupe alikuwa nyuma yake na wenzake wawili, wameshavaa nguo za kanisani.

Mji wote ulikuwa matope laini, bila alama. Mwisho wa Mtaa wa Matofali nyumba ilikuwa imesimama, paa lake zima, bomba lake zima.

Mlango wa ubavuni, ulioachwa upana wa kidole, ulikuwa wazi wote.

"Maji yameusukuma," alisema Merv.

Mzee akainama kwa shida, akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki.

"Mbichi," alisema. "Vernie, hii ni mbichi. Udongo mbichi hauyeyuki, hata mtoto wa hapa anajua. Zingine zote zilikauka mpaka zikawa mifupa. Nani aliilowesha hii?"

Verna aliviweka chini vipande vya mishumaa.

"Mimi," alisema. "Nimeifunika kwa kitambaa cha maji kila jioni."

"Kwa nini, msichana?"

"Kitambaa cha maji kinafunika kazi ambayo haijaisha, Merv. Unajua hivyo. Nilikuwa narekebisha kidogo. Dirisha. Ngazi. Kila siku nikisema kesho nitaiacha ikauke."

"Na mlango? Uliugusa?"

"Mlango sijaugusa hata mara moja."

Merv aligeuka kutazama maji. Kisha akavua kofia yake, akamkabidhi Verna. Verna akaiweka nyumba ndani ya kofia ile na kupanda nayo mlimani. Aliyetunga sheria ya kutokwenda na nyumba nyumbani ndiye wa kwanza kuivunja, mbele ya mashahidi, na hakuna aliyemkumbusha.

Wiki chache baadaye nyumba ile iko kwenye rafu ya jikoni kwa Verna, mbali na jiko ili isipasuke. Kitambaa cha maji ameshakiondoa. Upande mmoja rangi yake imeanza kupauka, upande wa pili bado ni nyeusi. Kuta ni nene, na huu ni msimu wa baridi, hivyo itachukua miezi mingi.

"Ikikauka inalia," anasema. "Tik. Halafu kimya. Halafu tik. Mwanzoni nilikuwa nainuka kwenda kutazama. Sasa naijibu tu. Nasema, 'Nipo, lala.'"

Watu wa Karrawil wamemshauri mengi. Mwenye duka la vifaa amejitolea kumpa tanuri lake bure: joto la siku moja, na nyumba haitaogopa maji tena maisha yake yote. Ofisa mmoja amependekeza iwekwe kwenye kabati la kioo, kwenye ukumbi wa mji. Lupe, ambaye hupita Jumapili baada ya ibada na chakula kilichofungwa kwenye majani, ndiye pekee asiyependekeza kitu.

"Huyu hukaa hapo tu akiitazama," Verna anasema, akimnyooshea kidole kwa utani. "Halafu ananimalizia siagi."

"Siagi yenyewe ya chumvi, Mama Verna," Lupe anajibu. "Nakusaidia usife mapema."

Tanuri Verna amelikataa, na kabati pia. Anaosha mikono kwenye sinki, anaifuta kwa sketi, anageuka kuitazama rafu. Mlango mdogo wa ubavuni umeelekea dirishani, ambako bwawa linaonekana likimetameta chini ya miti.

"Aprili ijayo itakuwa imekauka mpaka ndani," anasema. "Nitaishusha na zingine, niiweke mahali pake, niwashe mshumaa. Maji yakifika, nataka niisikie ikinong'ona kama za watu wengine. Miaka yote hii wenzangu wanasikiliza za kwao, mimi naokota mishumaa."

Anaulizwa kama ataurudisha mlango ulivyokuwa, upana wa kidole, jinsi Lupe alivyoukata.

Verna anatikisa kichwa.

"Huo sitaufunga," anasema. "Huenda aliyeufungua bado hajatoka."