Vipimo vya Mwezi Ujao

Kosa nililifanya barazani kwa fundi cherehani, chini ya ghorofa ninakopanga pale Mchafukoge. Mdogo wangu alikuwa anaolewa, na sisi dada zake tulipewa sare ya satini ya zambarau, kila mtu na kipande chake. Asiyevaa sare hawezi kuwa kwenye msafara wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Fundi aliponizungushia tepu kiunoni, nilimwambia asiandike alichokiona. Apunguze inchi tatu.

"Nikate kwa mwili ambao haujaja?" aliuliza.

"Unakuja."

"Haya, dada. Ila kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani."

Nilikuwa na mwezi mmoja. Mwenzangu kazini alikuwa amepungua kwa kula matunda tu mchana na jioni, na mimi nikaamua hivyo hivyo. Kila siku saa saba nilivuka barabara hadi Kariakoo, kwa mama mmoja anayeuza matunda yaliyokatwakatwa na kufungwa kwenye vikombe vya plastiki.

"Bonge langu, leo papai au tikiti?"

Wiki ya kwanza nilikula bila kuwaza. Wiki ya pili papai likaanza kuninukia kama matapishi ya mtoto mchanga. Vipande vilikuwa vya uvuguvugu kwa jua, vinateleza ulimini bila kutafunwa, na jioni nzima nilibeua harufu ileile. Nanasi lilinichubua ulimi. Maji ya tikiti yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko, yakakauka, nzi wakanifuata mpaka mlango wa ofisi.

Nina tabia ya kutaka kujua kitu kinatoka wapi, kwa hiyo siku moja niliwahi, nikasimama upande wa pili wa njia kumtazama akijiandaa. Mvua ilikuwa imenyesha. Matikiti yalishushwa kwenye mkokoteni na kubingirishwa juu ya tope lililochanganyika na maganda ya ndizi na majani ya kabichi yaliyooza. Mama alikuwa na ndoo moja. Alichovya kisu, akakifuta kwenye kanga aliyojifunga. Akachota maji kwa kopo, akajimwagia miguuni kutoa tope. Kisha akachota tena kwa kopo lile lile, akanyunyizia vipande vilivyopangwa kwenye sinia, vikang'aa.

Saa saba nilirudi kwake.

"Tikiti," nilisema.

"Umeanza kupungua, bonge. Mashavu yameshuka."

Nikanunua. Nilisimama ukutani nikala kikombe chote kwa kijiti, kimoja kimoja, nikiiona ile miguu katika kila kipande. Nilitaka kuingia ukumbini pamoja na mdogo wangu. Usiku ule tumbo lilinisokota, na asubuhi, aibu yangu, nilikimbilia kupima kiuno.

Siku nne kabla ya harusi nilishuka kwa fundi kujaribu. Nguo ilipita mabegani, ikapita kifuani, zipu ikagoma kiunoni. Nilivuta pumzi mpaka nikaona nyota. Ndani ya mdomo ladha ya papai ilipanda. Nilikaa kwenye kigoda chake na mgongo wazi, nikamwambia amwite dada yangu mkubwa, amwambie mimi sitakuwepo kwenye msafara.

Fundi hakumwita mtu. Aliniambia niivue nguo nyuma ya pazia, akaigeuza ndani nje, akanionyesha mishono ya ubavuni. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni, kipana, kimeshikizwa kwa uzi mwembamba.

"Inchi tatu zako hizi hapa. Sikuzikata."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Kila harusi mnaniletea vipimo vya mwezi ujao. Ningekuwa nawasikiliza, mabibi harusi wangeingia peke yao." Akachukua wembe, akaanza kufumua. "Lakini umepungua kidogo. Nitakuachia mbili."

Niliingia ukumbini na mdogo wangu, zipu imefungwa mpaka juu. Tulicheza mpaka viatu vikatuuma. Kisha chakula kikaja: sahani ya pilau, na juu yake, kama kawaida ya shughuli zetu, kipande cha tikiti kikivujisha maji yake mekundu kwenye wali. Nilikibana kwa kucha mbili, nikakiweka chini ya meza, mbali na gauni. Sehemu ya pilau iliyolowa nikaisukuma pembeni. Iliyobaki nikaila yote.