Makabidhiano kwa Zimamoto

Nilikuwa karani wa kikosi cha zimamoto hapa Kolwezi, kwa hiyo sijawahi kuzima moto wowote. Kazi yangu ilikuwa kuandika habari za mioto iliyozimwa na wengine au, mara nyingi zaidi, iliyojizimia yenyewe baada ya kushiba.

Mwaka ule tuliletewa gari jipya, jekundu, lenye ngazi ndefu kuliko nyumba yoyote ya mtaa wetu. Pamoja nalo tukaletewa chef mpya, yaani mkuu wa kikosi, kutoka ofisi za mkoa, mtu ambaye viatu vyake havikujua vumbi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wenyeji wetu walipona kwa kustaafishwa: wazee watatu waliojua kulisukuma gari la zamani mpaka liwake walipewa barua asubuhi moja, na gari lenyewe likaandikwa kuwa limekufa, ingawa jana yake lilikwenda Mutoshi na kurudi.

Kwetu hakuna anayeshika kazi bila remise-reprise. Chef anayetoka anakabidhi, anayeingia anapokea, kila kitu kinahesabiwa kwa macho, kisha wote wawili wanatia saini. Kati ya saini ya kwanza na ya pili hakuna mkubwa. Funguo za gari hukaa kwa karani mpaka wino ukauke. Siku ya makabidhiano yao nilizichezesha mfukoni kwa kiburi ambacho hata leo kinanikera.

Chef wa zamani alitia saini mapema, akaketi akishusha pumzi. Yule mpya akaanza kuhesabu. Makoti, sawa. Mipira ya maji, sawa. Matundu yake hayakuwemo kwenye orodha. Vizima-moto vinane. Akaona saba, akaweka kalamu chini.

Tulikuwa tunakitafuta cha nane chini ya meza mama mmoja alipoingia mbio, mshonaji wa mtaa wa Kapata, pekupeku, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alikuwa amekuja kwa pikipiki ya kukodi.

— Batata, nyumba yangu inawaka! Batoto beko inje, lakini mashini ya kushona iko mu nyumba. Ile mashini njo inabalisha! Mukuye, minabaomba!

Chef wa zamani akamnyooshea mwenzake kidole.

— Mama, mi nilisha kupana kazi. Chef ni ule.

— Mi siyasinie bado, akasema yule mpya, akionyesha nafasi tupu ya saini yake. Nitatosha inje motoka yenye haiko yangu namna gani?

Mama akawatazama wote wawili, kisha akanigeukia mimi.

— Vumiliya kidogo, mama, nikamwambia. Ikala.

Nikamsogezea kiti. Nyumba ya mtu inaungua, nami nampa kiti!

Kizima-moto cha nane kilipatikana mlangoni. Kilikuwa kinazuia mlango wa ofisi usijifunge, na sote tulikuwa tukikiruka tangu asubuhi. Chef mpya akakikagua juu na chini, akaomba kalamu nyingine kwa sababu wino wa buluu haukubaliki mkoani, akatia saini. Wakapeana mikono. Kisha tukapiga picha. Ndiyo, picha, na mama wa watu amesimama pembeni akilia.

Ndipo nilipompa dereva funguo, tukapiga king'ora mpaka Kapata, tukasimamisha watu njia nzima. Majirani walikuwa wameshamaliza kazi kwa mabeseni na mchanga, wakiongozwa na mmoja wa wale wazee wetu watatu. Kuta zilikuwa zimesimama, paa limelala chini. Wazima-moto wetu wakayamwagia majivu maji mengi sana, kwa bidii.

Mama aliingia mwenyewe, akaitoa mashine. Kilichobaki ni chuma kilichopinda. Aliiweka chini mbele ya wanawe, akaifuta kwa kitenge chake, akaja nilipokuwa ninaandika ripoti. Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

— Tata, funguo ya motoka ilikuwa kwa nani?

Nikafunika kalamu yangu.

— Kwa chef, mama.

Akaitika kwa kichwa, akaamini. Nimeandika ripoti nyingi za uongo maishani mwangu, na zote niliamriwa. Uongo huu hakuna aliyeniamuru.