Chemchemi Nyekundu ya Lubondja

Vita ilipofika mjini kwetu Baraka, tulipanda kwa miguu hadi kijiji cha Lubondja milimani, baba, mama, dada yangu mkubwa na mimi, tukaenda kukaa kwa mama yake mama. Tulimwita Koko. Alikuwa mfinyanzi, na nyumba yake ilinukia moshi na udongo mbichi. Hata leo nikinusa chungu kipya narudi pale moja kwa moja, kwenye mkeka chini ya dirisha, nikisikia kiganja chake kikipigapiga udongo nje.

Baba alikuwa akifundisha kemia sekondari. Shule ilikuwa imefungwa, na pale kijijini alilima shamba la mihogo vibaya sana, watu wakimcheka kwa upole.

Maji tuliyachota kwenye chemchemi ya bondeni, yakitoka kwa bomba la mwanzi. Baada ya mvua za kwanza yalibadilika. Ute mwekundu kama kutu uliota juu ya mawe na kuziba mwanzi, na kwenye kidimbwi ukatanda utando uliong'aa rangirangi, kama petroli iliyomwagika. Wakati wa amani watu wangeshangaa tu. Lakini ilikuwa vita. Jirani yetu mmoja alikuja mbio kwa Koko, anahema.

"Mama, musikunywe tena ile maji! Banasema basoda balimwanga sumu."

Wanawake wakaiacha chemchemi, wakawa wanateremka hadi mtoni, kwa njia iliyopita karibu na hao basoda, askari wenye bunduki. Siku moja dada yangu alirudi bila ndoo, kitenge kimechanika. Walimkimbiza, hawakumshika. Alituambia hivyo, na mama akalia kana kwamba walimshika.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda chemchemini, watu wakamfuata. Akaokota kijiti, akaupasua ule utando. Ulivunjika vipandevipande, kama ngozi ya juu ya uji uliopoa, na vipande havikurudiana.

"Muone," akasema. "Petroli ukiikata inashikana tena. Hii inavunjika. Haiko petroli."

"Basi iko nini, Mwalimu?" aliuliza jirani yetu.

"Iko tududu tudogo sana, macho haiwezi kuona. Tule tududu tunakamata chuma yenye iko ndani ya maji, tunaigeuza kutu. Mvua ilitoa chuma mingi ndani ya udongo, na tududu tukazaana."

"Tududu tunakula chuma!" mzee mmoja akasema, eti vidudu vinakula chuma, na watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyechota.

Tulipofika nyumbani Koko alikuwa ameshasikia yote. Kwetu mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa mbali, hawakutazamana wala kuongea ana kwa ana. Kwa hiyo Koko aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akamgeukia mama.

"Uliza bwana yako. Kama ile kutu inashika majiwe, haiwezi kushika bigae yangu?"

Baba alikuwa palepale uani. "Mwambie mama itashika," akajibu, macho yake mlimani. "Udongo nao unavuta chuma, unaishikilia."

Mama akarudia kila neno, upande huu na upande ule, kama vile hakuna aliyesikia, mpaka akashikwa na kicheko. Na dada yangu, ambaye tangu ile siku ya mtoni hakuwa hata ametabasamu, akacheka naye.

Koko alifinyanga chungu kikubwa chenye matundu chini, akakichoma. Baba akakijaza kokoto, mchanga, na juu yake vigae vya vyungu vilivyovunjika, akakiweka pale mwanzi unapodondosha maji. Mwanzoni yalitoka machafu. Halafu, kadiri vigae vya juu vilivyozidi kuwa vyekundu, maji ya chini yakazidi kuwa safi.

"Tududu tumehamia kwa bigae," baba akaeleza. "Tunafanyia kazi pale, haiko tena ndani ya ndoo yenu."

Kijana aliyewahi kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya Misisi akauliza kama zebaki wanayosafishia dhahabu nayo inashikwa hivyo.

"Ile ndiyo ya kuogopa," baba akasema. "Matope ya mto inaishika pia, lakini haiimalizi. Inabaki mule, inangojea samaki, na sisi tunakula samaki."

Bado watu waliyatazama tu yale maji. Ndipo mama akachota, akawasha moto palepale, akayachemsha, akangoja yapoe, akanywa kikombe kizima. Alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Hakuna aliyecheka. Baba hakumzuia; alipomaliza alikipokea kikombe.

Siku zilizofuata watu walipita kwetu wakijifanya wanasalimia, kumbe wanaangalia kama mama ni mzima. Kisha jirani yetu akaenda na ndoo yake. Taratibu wengine wakafuata, na njia ya mtoni ikaota majani. Mdogo wangu alizaliwa Lubondja, akaogeshwa kwa maji yale.

Vita iliondoka, ikarudi, ikaondoka tena. Koko alifariki kabla hatujashuka. Nyumba yetu ya Baraka tuliikuta bila mabati. Baba alifundisha tena mpaka nguvu zikamwishia, naye pia akatutoka.

Watu wakimuuliza mama miaka ipi ilikuwa mibaya kuliko yote, anaitaja ile ya Lubondja. Halafu anaongeza kwamba ndiyo pia miaka tuliyokaa wote nyumba moja.