Giaboksi ndogo ya nyuma ilivyookoa maji ya Mangateen

Wakuu, salamu kutoka Juba. Haya yalinipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Mimi ni Mkenya, naendesha lori la maji. Siku hiyo nilikuwa napeleka maji kambini Mangateen, watu wameamka bila tone. Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu kufika, pale barabara inapopanda, magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope.

Nikaweka gia ya kwanza. Lori likatetemeka, likazima.

Nikarudia kwa mafuta mengi. Klachi ikaanza kunuka.

Akina mama wenye madumu wakanifuata. Jamaa mmoja akaniambia nimwage nusu ya maji, lori liwe jepesi. Nikashuka, mkono wangu ukawa tayari kwenye valvu ya tangi.

Nyuma yangu likasimama lori lingine. Dereva wake ni Keji, mama wa hapa Juba aliyekulia Uganda wakati wa vita. Nilimjua kwa sura tu.

"Usimwage," akasema. "Hiyo maji watu nangoja. Washa, weka low, mimi nasikia."

Akasimama ubavuni mwa lori, kichwa kainamisha.

"Hewa natoka. Wewe iko kwa high."

Kwa wasiojua: lori kama langu lina giaboksi mbili zinazofuatana. Ya mbele ina gia nne. Ya nyuma, auxiliary, ina low na high tu. Kwenye low inapunguza mzunguko mara nyingine tena kabla haujaenda magurudumuni, kwa hiyo nguvu inaongezeka. Kwenye high inaupitisha ulivyo. Zile nne zinakuwa nane. Unabadilisha kwa kiswichi kwenye gia, na kinachosukuma kule chini ni hewa.

Kwa lori langu, mpira unaopitisha hewa hiyo ukitoboka, giaboksi ya nyuma inabaki high. Yaani "gia yangu ya kwanza" ilikuwa ya tano.

Keji akanizimisha injini, akaweka mawe kwenye magurudumu, tukatoa hewa yote kwenye mitungi ya hewa. Mpira mwembamba ulikuwa umesuguliwa na chesisi hadi ukatoboka. Akakata palipoharibika, akaunganisha kwa kiungio alichotoa garini mwake. Watu wote wanamtazama, mikono yake haina haraka.

Tukajaza hewa upya. Nikasukuma kiswichi. Chini pakalia "tuk".

"Sasa shwaya shwaya," akasema, yaani polepole. "Usikanyage sana. Wacha gari nafanya kazi."

Lori likatambaa na mzigo wote, injini imetulia kabisa. Sijawahi kuipenda mashine vile.

Kambini, mama mmoja alimshika Keji mkono, hakumwachia mpaka nikafungua bomba.

Nilichojifunza: lori likikataa kupanda, usikimbilie kuongeza mafuta wala kumwaga mzigo. Hakikisha low imeingia kweli.

Siku hizi tukipishana na Keji pale Sherikat, nampigia honi ya heshima.

Wenye malori ya gia nyingi zaidi, hebu semeni: yenu hewa ikipotea, inabaki wapi?