Nilisema tatizo ni wifi, harusi nusura ivunjike. Kumbe ni disk!

Salaam aleikum wakuu. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kimekolea.

Nina kiduka Mji wa Kale, napanga maandishi ya kadi na leso. Desktop yangu ina hard disk ya zamani, ile ya kuzunguka. Nilibishana bei mpaka muuzaji akaniomba niondoke nayo.

Juzi wakaja Bi Zuhura, dada wa bwana harusi, na Mama Salma, mamake bibi harusi. Wataka leso za harusi, na maneno yamfikie mchapaji kabla ya adhuhuri.

"Andika, WIFI KARIBU KWETU," akasema Bi Zuhura.

Nikaandika. Skrini kimya.

Nikaandika tena. (Mimi hata chenji huhesabu mara mbili.) Kimya. Nikarudia, nikarudia.

"Mbona huandiki?"

Nikajibu kitaalamu: "Tatizo ni wifi."

Mama Salma akainuka. "Mwanangu ana tatizo gani?"

"Si yeye, mama. Nasema wifi ya hapa."

Akamgeukia Bi Zuhura. "Kwani nduguyo ana mke mwingine hapa?"

"Hasha! Wallahi twamjua Salma peke yake!"

"Basi harusi hakuna mpaka nimwone huyo wa hapa." Akachukua mkoba.

Hapo nikaita Task Manager, ile ionyeshayo nani kaielemea mashine. Nayo ikaja kwa madaha, kama imealikwa.

CPU imelala. RAM nusu. Disk 100%!

Nilisahau kuwa nakopi video za mteja mwingine, na antivirus nayo yakagua zizo hizo. Wakuu, disk ni kama vichochoro vyetu: mkokoteni wa maji ukikwama, hata aliyebeba sindano hapiti.

Nikasimamisha kukopi. Kompyuta ikatapika yote iliyomeza: WIFI KARIBU KWETU WIFI KARIBU KWETU WIFI KARIBU KWETU... skrini nzima.

Mama Salma, mguu mmoja nje, akasoma. Akasoma tena.

"Yote haya mwamwandikia Salma?"

Bi Zuhura hakupepesa jicho. "Mama, hayo ni ya pindo moja tu."

Mama Salma akaketi. Akaagiza yachapwe vivyo hivyo, lisipungue neno.

Funzo: mashine ikizubaa, usiandike tena na usilaumu mtandao. Tazama disk kwanza, simamisha kazi nzito, ungoje. Ukiweza weka SSD, ile disk ya kasi isiyozunguka, bei tutabishana.

Haya, nanyi zenu zikikwama, huwa mwamsingizia nani?