Matabaka Matatu kwa Wakwe wa Ziwani

Kokteli ya matabaka ninaijua. Naandika sentensi hiyo bila kuitanguliza "pengine" wala "kwa kiasi fulani", maneno niliyoyanyunyiza katika kila aya ya tasnifu yangu ya uzamili kama mpishi anayeogopa chakula chake kuonjwa. Parachichi hukaa chini, embe katikati, pasheni juu. Kila tabaka huganda peke yake kabla ya lingine kumiminwa, na anayeharakisha hapo atapata uji wa rangi moja, hata matunda yake yawe mazuri kiasi gani.

Parachichi ninalolitumia ni la hapa Mbinga, lile ambalo ukilitikisa unasikia kokwa ikicheza ndani. Nalisaga kwenye blenda pamoja na maziwa, kisha naongeza ndimu ili lisigeuke jeusi. Embe huletwa kutoka Ziwa Nyasa, nami hulichuja mara mbili mpaka nyuzi ziishe. Pasheni ndiyo yenye ukali, kwa hiyo ndiyo inayobeba sukari nyingi. Na kwa kuwa sukari hukichelewesha kitu kuganda na hukiwahisha kuyeyuka, pasheni huwekwa juu, mahali kijiko kinapoanzia. Kabla ya kumimina tabaka linalofuata, nabonyeza lililotangulia kwa ncha ya kidole. Kidole kikiacha alama bila kutoka na majimaji, wakati umefika. Hayo yote sikuyasoma popote. Niliyajua kwa kuharibu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Agosti, wiki mbili baada ya kuitetea tasnifu yangu. Nilikuwa nimeandika kuhusu ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko: majani yaliyofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka ifanye miraba, udongo wa katikati ya kila mraba hurushwa juu ya majani, na mazao hupandwa kwenye matuta yanayolizunguka shimo. Nilipima unyevu wa udongo kwa msimu mzima katika mashamba ya kata moja, Mbuji, na vipimo vyangu vilikuwa safi. Hilo hata jopo lilikiri. Kisha profesa mmoja mzee mwenye sauti ya upole akafunga nakala yake na kuniuliza:

"Litumbandyosi ulipima?"

"Hapana, profesa."

"Na kata ya Ruanda?"

"Hapana."

"Basi hii wilaya nzima iliyo kwenye kichwa cha kazi yako, umeikuta wapi?"

Watu wawili watatu walicheka, wala si kwa ubaya. Nilichojibu sikikumbuki. Ninachokumbuka ni kile kichwa cha kazi kwenye jalada, ambacho nilikifunika kwa kiganja. Chuo kiliniruhusu kuiwasilisha kazi upya, mradi nithibitishe kwa maandishi kabla ya Novemba kwisha. Kwa miezi mitatu sikulifungua faili. Nililirudia swali lile nikiwa nachambua mchele, nikiwa kanisani, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila mara nilihitimisha kwamba yule mzee alikuwa ameamua kuniaibisha.

Novemba ilipoingia, kaka yangu alitangaza ubatizo wa mtoto wake wa kwanza. Mke wake ni Mnyasa wa Mbamba Bay, na ubatizo ungefanyika huko kwao, kanisani kwa Waanglikana, kisha karamu nyumbani kwa wazazi wake karibu na maji. Sisi Wakatoliki wa milimani tungeshuka kama wakwe, na mkwe hashuki mikono mitupu. Tatizo ni kwamba kwenye harusi tulikuwa tumepeleka kahawa. Kahawa ya moto, mchana, ziwani. Wenyeji waliinywa kwa adabu huku jasho likiwatiririka, na tangu siku hiyo hakuna salamu iliyopanda kutoka Mbamba Bay bila kuulizia kama bado tunawasha moto.

"Safari hii tunapeleka baridi," alisema shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo yote yasiyohitaji kimya. "Huyu msomi wetu atatengeneza kile kitu chake cha rangi tatu. Nimeshawaahidi."

"Shangazi, watu wangapi?"

"Wengi."

"Wengi ni idadi gani?"

"Ndiyo maana chuo hakiishi! Tengeneza, mwanangu."

Alicheka, nami nikacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Jioni hiyo nilifunga mkataba na nafsi yangu, mkataba ambao sikumwambia mtu: matabaka yakifika mbele ya wakwe yakiwa yamesimama, nitaandika kwamba narudi chuoni, yakianguka, nitamkubalia mama mmoja mwenye duka la pembejeo aliyekuwa akitafuta mtu wa kuuza mbolea. Najua mtu mzima hapaswi kuamua maisha yake kwa kikombe. Lakini kwa miezi mitatu nilikuwa nimeshindwa kuamua kwa njia nyingine yoyote.

Nilitengeneza vikombe themanini kwa siku mbili, nikitumia friza ya jirani anayeuza kuku. Ilinibidi nivifunike kimoja kimoja kwa nailoni, maana parachichi hunyonya harufu. Halafu nikafanya kile ambacho mtu makini hufanya: nilijaribu. Saa sita mchana nilitoa kikombe kimoja, nikakiweka barazani, nikashika saa. Baada ya dakika arobaini bado ungeweza kuyahesabu matabaka matatu. Niliandika "40" kwenye daftari na kuipigia mstari. Vikombe tuliviweka kwenye madeli mawili ya kubebea barafu, nusu kwa nusu, tukavizungushia magazeti na barafu, tukafunga vifuniko kwa utepe wa gundi.

Barabara ya kushuka ziwani ina kona nyingi, na kwa kila kona kaka alishusha kioo cha gari kidogo zaidi. Tulipofika nusu ya njia masikio yaliziba. Tulipoliona ziwa nilivua sweta, nikaikunja vizuri na kuiweka mapajani. Mimi, ambaye naweza kuwaza kwa saa nzima juu ya mahali pa kuweka alama ya mkato, nilivua sweta na sikuwaza lolote.

Mama yake wifi alitupokea uani, kanga mbili kiunoni, mikono ikinuka dagaa wa usipa wa kukaanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kahawa iko wapi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mjomba mmoja wa wifi, ambaye alikuwa akifunga turubai, akadakia kutoka juu ya ngazi: "Waacheni wapumzike! Mmatengo akiliona ziwa kwanza anauliza limechimbwa na nani."

"Na ninyi mkiuona mlima," shangazi akamrudishia bila kugeuka, "mnauliza samaki wake wanapandaje. Shuka kwenye ngazi, shemeji, kabla hujazama."

Tulitoka kanisani saa sita na nusu. Nilikuwa nimeipanga ratiba kichwani: kufungua deli, kupanga vikombe kwenye sinia, kugawa, dakika kumi na tano, ishirini kama kuna hotuba. Dakika zangu arobaini zilitosha na kubaki. Nililolisahau kuuliza ni desturi ya nyumba ile. Zawadi ya wakwe hailiwi kabla haijaonwa. Deli la kwanza lilipofunguliwa, akina mama walizichukua sinia, wakaziinua kichwani, wakaanza kuzizungusha chini ya turubai kwa wimbo na vigelegele, meza kwa meza, ili kila mtu akione walichokileta watu wa milimani. Rangi zilikuwa nzuri. Kijani, chungwa, njano yenye mbegu nyeusi. Nilisikia mtu akisema, "Kweli hawa wamesoma," na kwa dakika chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mbamba Bay.

Sinia ziliwekwa mbele ya wazazi wa mtoto. Kasisi akasimama kubariki. Alibariki mtoto, wazazi, wazazi wa ubatizo, wavuvi, mvua zinazokuja. Mimi sikufumba macho. Niliona pasheni ikilegea na kuteremka ukingoni mwa kikombe cha mbele kabisa, kisha embe likaachia, kisha kitu chote kikainama kama mtu aliyechoka kusimama. Aliposema "Amina" tulikuwa na vikombe arobaini vya kitu chenye rangi ya udongo wa mfinyanzi.

 Kisha yule mjomba wa ngazi akachukua kikombe, akakichungulia, akasema kwa unyenyekevu mkubwa: "Jamani, wameleta kahawa tena. Safari hii imepoa."

Walicheka mpaka kasisi akakaa. Walikunywa vilevile, na walisifu utamu, lakini shangazi hakucheka. Aliitazama ile sinia kama mtu anayetazama jina lake likifutwa ubaoni. Nilijiona tena mbele ya jopo.  Halafu nikatazama saa mkononi: tangu kifuniko kifunguliwe mpaka pasheni ianze kuteremka zilikuwa zimepita dakika tisa.

Tisa ni namba. Namba naweza kufanya nayo kazi.

Deli la pili lilikuwa bado limefungwa, chini ya meza ya jikoni. Nilimfuata mama yake wifi kabla wanawake hawajalifikia.

"Mama, naomba hili la pili lisizungushwe."

"Mwanangu, zawadi ya wakwe haifichwi. Watu watasema mmeleta kidogo."

"Haitafichwa, mama. Ila ikionwa haitalika."

"Na isipoonwa haitaliwa." Alisema hivyo kwa upole, akiifuta mikono, na nikajua hapo hakuna mjadala wa kushinda.

Nikafikiri, kwa mara ya kwanza siku hiyo kwa kasi inayofaa. "Je, likizungushwa deli lenyewe? Limefungwa hivi hivi. Waliimbie. Likifika kwenye meza, mimi nafungua, natoa vya meza hiyo tu, nafunga, tunakwenda meza nyingine."

Alilitazama deli. Lilikuwa la bluu, limechakaa, na upande mmoja lilikuwa na maandishi ya jirani yetu yaliyosomeka KUKU.

"Tuliimbie sanduku la kuku?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akavua kanga moja, akalifunika deli ili maandishi yasionekane, akaita wenzake wawili walibebe. Wakatoka nalo wakiimba wimbo ule ule. Nilitembea nyuma yao na kitambaa mkononi. Meza ya kwanza: kufungua, vikombe vinane, kufunga. Chini ya dakika moja. "Kuleni sasa hivi, tafadhali, msisubiri," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya kuomba. Meza ya pili, ya tatu. Yule mjomba alipokipata chake akakiinua kwenye mwanga, akayahesabu matabaka kwa kidole: "Moja. Mbili. Tatu. Haya, mlima umeshuka." Akatumbukiza kijiko. Meza ya mwisho ilipata matabaka yaliyosimama wima kama yalivyotoka Mbinga, na shangazi, aliyekuwa amekaa hapo, alikula, akapokea pongezi zote kana kwamba ameyagandisha kwa mikono yake.

Alasiri nilikaa nyuma ya jiko tukiosha vikombe na wifi. Mkataba wangu ulikuwa na kasoro: haukuwa na kifungu cha nusu. Arobaini vilianguka, thelathini na tisa vilisimama, na kimoja kilibaki barazani Mbinga. Nilifungua daftari, nikaandika "9" chini ya "40".

"Unaandika nini na mikono ya povu?" wifi akauliza.

"Dakika. Kwetu kilikaa arobaini. Hapa tisa."

"Kwenu ulikipimia wapi?"

"Barazani."

"Baraza la Mbinga?" Aliacha kuosha. "Wifi! Umepima Mbinga ukaja kuwanywesha watu wa Mbamba Bay?"

Alicheka peke yake, maana mimi nilikuwa nikizitazama zile namba mbili daftarini. Alikuwa ameliuliza swali la profesa, lote, bila kulijua, akiwa amechuchumaa mbele ya beseni. Na kutoka kwake halikuwa na aibu yoyote ndani yake. Lilikuwa swali la kweli lenye jibu fupi: nilipima mahali pamoja, nikazungumzia mahali pengine. Vipimo vya Mbuji havikuwa vibaya, kama ile arobaini isivyokuwa mbaya. Vilikuwa vya Mbuji. Kilichohitajika ni kwenda kupima kwingine, na mvua zilikuwa bado hazijaanza.

Nilifuta mikono, nikatoa simu, nikaanza kuandika kwa msimamizi wangu palepale. Kwamba ninathibitisha kuwasilisha upya. Kwamba naomba msimu mmoja wa mvua. Shangazi akatokea mlangoni, amevua viatu, akasimama karibu yangu.

"Unamwandikia nani umekunja uso hivyo?"

"Chuo, shangazi. Nawaambia yule mzee alikuwa sahihi."

"Na wewe?"

"Mimi naenda Litumbandyosi, halafu Ruanda. Kupima."

Akafikiri. "Litumbandyosi kuna joto."

"Ndiyo maana naenda," nikasema, nikabonyeza kutuma.