Ufito wa Juu

Mimi naoka mikate. Kazi hiyo inaanza wenzangu wakiwa bado wanajigeuza upande wa pili, kwa hiyo jua likizama, na mimi nazama. Chumba changu kimegusana ukuta na banda la kuku la jirani, na kwa miaka mingi sikuwa na neno. Kuku ni watu wa kulala mapema. Tulipatana.

Jirani huyo tunamwita Mama Pasi, kwa sababu kutwa nzima husimama kwenye duka la dobi akipiga pasi nguo za watu. Mwili mdogo, mkono mzito, na mdomo usiojua kukataa. Ukimwomba chumvi atakupa pamoja na kopo lake. Nilimpenda kwa hilo, mpaka lilipoanza kuninyima usingizi.

Alikuwa na kuku saba, wote majike. Banda alilijenga mwenyewe kwa mabanzi, na ndani aliweka fito tatu za kulalia, moja juu ya nyingine kama ngazi. Hakuna kuku asiyetaka ufito wa juu, lakini hawa kila mmoja alijua pake. Juu kabisa, upande wa ukuta wangu, lililala jike jekundu tulilolipa jina la Mkaguzi, maana halikufumba macho mpaka likague nani yuko wapi. Lilimdonoa huyu kidogo, likamsukuma yule, kisha kimya. Shughuli yote ilikwisha kabla chai yangu haijapoa.

Halafu dada mkubwa wa Mama Pasi akaja kuishi naye.

Wanawe walikuwa wameuza nyumba aliyokaa, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayemchukua mama, au akijifanya kudhani. Alifika na mfuko mmoja wa nguo, na kwapani kuku mmoja mweupe, msafi, hata miguu ameoshwa. Kwa weupe wake tukamwita Nesi. Dada Mkubwa hakucheka.

"Huyu ndiye aliyebaki katika vyangu," alisema. "Akikaa vizuri hapa, na mimi nitajua nimekaa."

Sikulipenda neno lile hata kidogo. Mama Pasi alilipokea kama agizo.

Ana chumba na sebule tu. Kitanda akampa dada, yeye akatandika mkeka sebuleni, kati ya meza na ndoo za maji. Kiti chenye mto kikawa cha dada, kikombe kisicho na ufa kikawa cha dada. Na kwa kuwa mgeni hawekwi pembeni, akaamua kwamba Nesi naye atalala ufito wa juu.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoota mbawa. Kila magharibi Mama Pasi alirudi kutoka kazini na, kabla hata ya kuvua viatu, akainama kuingia bandani. Alimtoa Mkaguzi mahali pake, akamshusha ufito wa pili, akampandisha Nesi.

"Sogea mama, tuna mgeni," alikuwa akimwambia.

Mkaguzi alimtazama kwa jicho moja, akangoja mikono iondoke, akarudi juu kudai pake. Basi ni vurugu. Mbawa zinapiga bati la paa, wa juu anamwangukia wa chini, na kila aliyeangukiwa anapata sababu ya kumdonoa aliye karibu naye. Mama Pasi anaingia tena, anampandisha Nesi tena. Kama hiyo haitoshi, akaning'iniza balbu bandani, eti mgeni asilale gizani mahali asipopazoea. Kuku gizani haoni mbele wala nyuma. Giza likiingia, ugomvi hujifia wenyewe. Kwa balbu ile, ugomvi ulipata mwanga wa kuendelea.

Nilimwambia. "Jirani, zima taa, na huyo kuku umwache atafute pake."

"Dada atanielewaje?"

"Dada yako halali bandani."

Akacheka kidogo, akishika kiuno. Siku hizo alikuwa akishika kiuno kila anaponyanyuka, na pasi alikuwa akiisukuma kwa mkono mmoja, mwingine ukiegemea meza. Nikimwuliza, anasema ni umri.

Nesi akaanza kutoka damu kwenye upanga wa kichwani, na kuku wakishaona damu hawana huruma. Manyoya ya shingo yakanyofolewa. Asubuhi Dada Mkubwa alimkalisha mapajani na kumwosha kwa maji ya chumvi. Hakusema kitu, na kimya chake kilimtesa mdogo wake kuliko matusi. Siku moja Mama Pasi alinifuata mlangoni, macho yamemtoka.

"Nimemkuta anakunja nguo zake. Nikamwuliza, akasema anazipanga tu."

"Kwani ana pa kwenda?"

"Hana. Ndiyo maana naogopa. Ataondoka hivyo hivyo."

Nikaanza kumwaza. Nilimwona mama wa umri ule barabarani, mfuko mkono mmoja, kuku mkono wa pili, akijifanya anajua aendako. Makelele ya bandani hayakuniudhi tena kama zamani, yalinitia hofu. Kila mbawa iliyopiga bati niliihesabu upande wa safari ya Dada Mkubwa.

Kisha ikaja jioni ambayo Mama Pasi alichelewa. Dukani walikuwa wameletewa mashuka ya nyumba ya wageni, marundo kwa marundo. Jua likazama, balbu haikuwashwa, hakuna aliyeingia bandani. Mimi nilikuwa nimekaa nje nikisugua vibati vyangu vya mikate, nikaona kila kitu kupitia mianya ya mabanzi.

Kuku walipanda mmoja mmoja. Nesi alibaki chini katikati ya banda, shingo ameinua, akingoja mikono. Mikono haikuja. Akaenda taratibu mpaka ufito wa chini, kwenye ncha ya karibu na mlango, akaruka. Mkaguzi alishuka, akamdonoa mgongoni mara moja, akarudi juu kwake. Hakuna aliyeongeza kitu. Giza likawafunika wote, na mimi nikakaa na kibati mkononi, nikicheka peke yangu kwa furaha ya kijinga.

Kimya kile ndicho kilichomtoa Dada Mkubwa nje. Aliinama, akachungulia.

"Mlangoni," alisema. "Wamemweka mlangoni."

"Amejiweka mwenyewe, mama. Na ametulia."

Hakunisikia, au hakutaka. Aliingia ndani, na nilipomfuata nilikuta mfuko uko juu ya kitanda, unajazwa.

Mama Pasi akafika wakati huo huo. Alitazama mfuko, akageuka mbio kuelekea bandani.

"Ukimgusa huyo kuku, nahama," nilimwambia nikimfuata.

Akainama hata hivyo. Mgongo ukamshika pale pale. Alibaki amekunjika, mkono kwenye kitasa cha banda, hawezi kwenda mbele wala kunyooka, akipumua huku ameuma meno. Nilipiga kelele, Dada Mkubwa akaja, tukamkokota mpaka kwenye kiti chenye mto.

"Una nini?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Si kitu, Dada."

Nilimtazama kwa jicho ambalo huwa nawatazama wanaorudisha mkate walioubonyeza. Akainamisha uso.

"Mgongo unaniuma," alisema. "Unaniuma tangu nilipoanza kulala chini. Nataka kitanda changu, Dada."

Nilitamani kurudi kwangu kwa kupenya ukutani. Dada Mkubwa alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Na ni mgeni."

"Mgeni huondoka, mdogo wangu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tangu nifike hujanituma hata maji. Nimekuunguzia sufuria, ukasema ilikuwa mbovu. Watoto wangu nao walianza hivyo hivyo, mama pumzika, mama usiguse, mpaka siku waliponionyesha mlango. Kila ulichonipa, nilikuwa najiuliza kama ndicho cha mwisho. Umenichoka?"

"Nimechoka mgongo. Wewe sijakuchoka."

Dada Mkubwa alivua kitambaa cha kichwani, akajifunika nacho uso, mabega yakamtikisika. Niliwaacha. Usiku ule nililala vibaya ingawa banda lilikuwa kimya, kwa sababu sikujua mfuko ule umeishia wapi.

Asubuhi nikirudi kutoka kwenye tanuri nilipitia kwao. Nesi alikuwa uani, shingo bado ina kidonda, akila wa mwisho baada ya wenzake kushiba. Kutoka ndani niliisikia sauti ya Dada Mkubwa kabla sijagonga.

"Nani ameacha ndoo hapa njiani? Mnataka nivunjike mguu?"

"Ni wewe, Dada. Jana uliikalia."

"Na wewe uliyeiona ukaiacha, huna mikono?"

"Ninayo. Niletee basi maji, mgongo haujanyooka."

Walipandishiana sauti mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya banda. Nilisukuma mlango. Mama Pasi alikuwa amelala kitandani kwake, dada yake anahangaika na ndoo, na ule mfuko ulikuwa umetundikwa msumarini, mtupu.